Sahihi za Majirani wa Futi 200

Mwezi wa Julai 1980, mwanamke mmoja alinunua nyumba namba 201 katika Mtaa wa Featherston, mjini Cleburne, jimbo la Texas. Ilikuwa nyumba ya kawaida: vyumba vinne vya kulala, bafu mbili, na choo kimoja kidogo ambacho kingeongezwa. Alikusudia kuipangisha kwa kampuni iitwayo Cleburne Living Center, nayo iwaweke humo watu wazima 13 wenye ulemavu wa akili, wanaume kwa wanawake, wakiangaliwa na wafanyakazi usiku na mchana. Mji ukakataa. Ubishi wa nyumba hiyo moja ulichukua miaka mitano na ukafika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu iliyotoka huko bado inasomwa kila mara baraza la mji linapowafungia mlango wazee au watu wenye ulemavu.

Cleburne iko kama maili 30 kusini mwa Fort Worth. Ni mji wa reli. Kwa miongo mingi ulikula kwa jasho la karakana za kampuni ya Santa Fe, na mwaka huo wa 1980 ulikuwa na wakazi kama 19,000. Mimi hufanya kazi ya kuwahudumia watu wenye ulemavu wa akili katika eneo hili hili la Fort Worth, zamu ya usiku, kama wafanyavyo Wakenya, Waganda na Wakongo wengi ninaowajua. Tunaingia zamu, tunapokea daftari la dawa, tunahesabu vidonge na mwenzetu anayetoka, kisha kazi inaanza. Nyumba tumeikuta ipo mtaani, katikati ya nyumba za watu, na ni wachache miongoni mwetu wanaouliza ilifikaje hapo. Nilianza kuuliza siku jirani mmoja aliposimama kwenye ua wetu na kutaka kujua ni nani aliyetupa ruhusa.

Basi tuanze na hiyo ruhusa. Kanuni za mipango miji za Cleburne ziliuweka Mtaa wa Featherston katika ukanda wa nyumba za ghorofa za kupanga. Katika ukanda huo mtu angeweza kuweka, bila kuomba kibali maalumu, jengo la kupangisha, bweni la wanafunzi, nyumba ya wageni, hoteli, hospitali, klabu ya watu binafsi, hata nyumba ya kutunzia wazee au wagonjwa wanaopata nafuu. Yote hayo ruksa. Kibali maalumu kilitakiwa kwa majengo machache tu, na kanuni iliyataja kwa pamoja: hospitali za wendawazimu na za watu wenye upungufu wa akili, za walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, pamoja na magereza. Maofisa wa mji walipoambiwa habari za wale watu 13, waliiweka nyumba yao kwenye fungu hilo. Watu ambao hawakuwa wagonjwa wala hawakumkosea yeyote wakawekwa kapu moja na wafungwa.

Na kibali chenyewe kilikuwa na masharti yake. Kilidumu mwaka mmoja, kisha kikaombwa upya. Aliyekiomba alitakiwa apite kwa kila mwenye nyumba au kiwanja kilicho ndani ya futi 200, yaani kama mita 60 kutoka kwake, akusanye sahihi zao. Mtu anayetaka kuishi mahali alitakiwa kwanza apeleke karatasi kwa majirani wamkubali au wamkatae. Hapo ndipo ninaposimama kila ninapoisoma kesi hii. Mimi nilipohamia Texas nilipanga chumba, nikalipa amana, nikapewa ufunguo, na hapakuwa na jirani aliyeulizwa kama anaridhia mgeni wa kutoka Kenya kulala karibu naye. Kama ingekuwa lazima aulizwe, sijui ningekuwa ninalala wapi.

Kanuni ya namna hii haikuzuka Cleburne kwa bahati mbaya. Ilikuwa na wazazi, na wazazi hao wanajulikana. Mwezi wa Novemba 1926, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kijiji cha Euclid, jimbo la Ohio, na kusema kwamba mji una haki ya kugawa ardhi yake kwa kanda na kuamua jengo gani lisimame wapi. Mipango miji yote ya Marekani imejengwa juu ya hukumu hiyo. Haikupita hata nusu mwaka, Mei 1927, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya Carrie Buck wa Virginia, ikaruhusu jimbo kumfunga uzazi msichana ambaye madaktari wa serikali walisema ana upungufu wa akili. Hukumu ya kwanza iliwapa watawala mamlaka juu ya mahali pa kila jengo, na ya pili iliwapa mamlaka juu ya mwili wa mtu waliyemwona ni mzigo. Wanahistoria wa sheria huzisoma kesi hizi katika vitabu tofauti. Mimi nadhani katika Mtaa wa Featherston zilikutana.

Texas ilikuwa imeshatangulia. Mwaka 1915 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuanzisha makazi maalumu ya watu wenye ulemavu wa akili, na sababu iliyoandikwa humo waziwazi ilikuwa kuipunguzia jamii hasara ya mali na ya maadili inayoletwa na watu hao wakiachwa huru. Makazi ya kwanza yalifunguliwa Austin mwaka 1917. Baada ya hapo zikaja nyingine, zikaitwa shule za jimbo, ingawa wengi waliopelekwa huko wakiwa watoto walizeekea humo. Mahali pengine nchini hali ilikuwa mbaya zaidi. Shule kama hizo iitwayo Willowbrook, katika kisiwa cha Staten mjini New York, ilijengwa kwa ajili ya watu 4,000, lakini kufikia 1965 ilikuwa imesongwa na zaidi ya 6,000. Mwaka 1972 Wamarekani wakaiona kwenye televisheni, watoto uchi sakafuni, na nchi ikashtuka. Huku Texas, familia zilizishtaki shule za jimbo mwaka 1974. Majimbo yakaanza kuwatoa watu. Lakini ukimtoa mtu, umpeleke wapi? Umpeleke nyumbani, mtaani. Na mtaani kulikuwa na kanuni inayodai sahihi.

Katika nyumba ninayofanyia kazi yupo mzee mmoja aliyekulia katika shule ya jimbo. Jina lake silitaji. Miaka mingi imepita tangu atoke huko, ana chumba chake, ana ufunguo wake, na kwenye ukuta amebandika picha za magari ya zamani alizozikata mwenyewe kutoka magazetini. Lakini usiku akisikia njaa huja hadi mlango wa jikoni, anasimama, ananitazama, anangoja nimwambie kwamba anaweza kufungua friji. Nimemwambia mara nyingi kwamba friji ni yake. Ananiitikia, anashukuru, anachukua maziwa, na kesho yake anasimama pale pale. Huko alikokulia jiko lilikuwa na kufuli. Ndiyo maana sikubali nikisikia watu wakisema kwamba kesi za mipango miji ni mambo ya ploti na maegesho ya magari. Kwa watu hawa, kibali kilikuwa tofauti kati ya friji na kufuli.

Turudi Cleburne. Kamati ya mipango ya mji ilikataa ombi. Baraza likafanya kikao cha kusikiliza umma, kisha likapiga kura: watatu wakakataa, mmoja akakubali. Sababu walizotoa madiwani zimehifadhiwa katika kumbukumbu za mahakama. Kwanza, wengi wa wenye nyumba ndani ya futi 200 hawataki. Pili, wazee wanaoishi mtaani wana hofu. Tatu, ng'ambo ya barabara kuna shule ya vijana, na wanafunzi huenda wakawadhihaki wakazi wa nyumba hiyo. Nne, kiwanja kiko kwenye bonde la mafuriko ambayo hukadiriwa kutokea mara moja katika miaka 500. Tano, watu 13 ni wengi mno kwa nyumba moja. Wakaongeza pia kwamba haijulikani nani atabeba dhima wakazi wakifanya jambo.

Kampuni ikaenda mahakamani. Mahakama ya kwanza ya serikali kuu, huko huko Texas, ilikubali kwamba kilichoangusha ombi hasa ni ulemavu wa akili wa wale wakazi, lakini bado ikaupa mji ushindi, ikisema hofu na shaka za baraza zilikuwa na msingi wa kutosha. Kampuni ikakata rufaa katika Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano, na mwaka 1984 majaji wa huko wakageuza uamuzi. Walisema watu wenye ulemavu wa akili wametendewa vibaya katika historia kiasi kwamba kanuni inayowabagua yafaa ipimwe kwa kipimo kikali kuliko cha kawaida, karibu na kile kinachotumika katika ubaguzi wa kijinsia. Sasa mji ndio uliokata rufaa.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ilitolewa tarehe 1 Julai 1985, ikaandikwa na Jaji Byron White. Mwanzo wake uliwasikitisha mawakili wengi wa watu wenye ulemavu, kwa sababu White alikikataa kile kipimo kikali. Alisema kipimo cha kawaida kinatosha, kile kinachoitaka serikali ionyeshe tu kwamba ina sababu ya maana. Kwa miongo mingi kipimo hicho kilikuwa kama mlango usiokuwa na komeo: serikali ilisukuma, ikapita. Safari hii mahakama ilizichukua sababu za baraza moja moja na kuzikagua.

Majirani hawataki? Kutotaka kwa majirani, na hofu isiyo na ushahidi, havitoshi kuwa sheria. Baraza haliwezi kujificha nyuma ya kura za watu ili litende lile ambalo lisingeruhusiwa kulitenda lenyewe. Wanafunzi watawadhihaki? Shule yenyewe ilikuwa na wanafunzi kama 30 wenye ulemavu wa akili, nao walikuwa wakisoma humo kila siku. Mafuriko? Hospitali na nyumba ya wazee zingeweza kujengwa kwenye bonde lile lile bila kibali, ingawa waliomo nao wangehitaji kubebwa maji yakija. Watu ni wengi mno? Bweni la wanafunzi halikuwekewa idadi. Wakikaa humo watu 13 wasio na ulemavu huo, mji haukuwa na neno. Kila sababu iliulizwa swali hilo hilo: je, mmeitumia kwa wengine? Hakuna iliyojibu. Majaji wote 9 walikubaliana kwamba Cleburne haikuwa na haki ya kudai kibali kile kwa nyumba ile.

Jaji Thurgood Marshall aliandika maoni yake ya pembeni, akiungwa mkono na majaji Brennan na Blackmun, na kwangu hayo ndiyo maandishi bora ya kesi nzima. Marshall ndiye wakili aliyeongoza kesi ya kupinga kutengwa kwa watoto Weusi shuleni, iliyoshinda mwaka 1954. Aliujua utengano kwa ngozi yake mwenyewe. Alikumbusha ile sheria ya Texas ya 1915, akakumbusha kufungwa uzazi, akaeleza jinsi watoto walivyozuiwa shule na watu wazima walivyonyimwa kura na ndoa, kisha akasema utengano huo ulishindana na ule wa sheria za Jim Crow zilizowatenga Weusi. Aliona pia kwamba wenzake walisema wanatumia kipimo cha kawaida ilhali walikuwa wamekaza mkono kuliko walivyokiri. Na alilalamikia jambo moja la vitendo: kanuni ya Cleburne haikufutwa. Ilizuiwa kwa nyumba ile tu. Kampuni nyingine, hata katika mji huo huo, ingelazimika kwenda mahakamani upya, ikiwa na pesa na subira ya miaka mitano.

Alikuwa na haki ya kulalamika. Nani ana miaka mitano? Mmiliki mwenye mkopo wa benki hana. Mama wa miaka 70 anayetaka kumwona mwanawe amepata pa kukaa kabla yeye hajafa hana.

Pengo hilo lilizibwa na Bunge la taifa. Tarehe 13 Septemba 1988 Rais Reagan alitia sahihi marekebisho ya sheria ya haki katika makazi, na ulemavu ukaingizwa pamoja na rangi, dini na jinsia. Tangu hapo haikuwa lazima tena kubishana kuhusu vipimo vya Katiba. Sheria ilisema kwamba kukataa kufanya marekebisho yanayofaa katika kanuni, pale mtu mwenye ulemavu anapoyahitaji ili apate makazi sawa na wengine, ni ubaguzi wenyewe. Kamati ya Bunge ilieleza wazi kwamba mipango miji na vibali maalumu vimo ndani. Sheria hiyo pia iliruhusu makazi ya wazee peke yao, ambako wote wamefika miaka 62, au ambako angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu wa miaka 55 au zaidi. Kwa hiyo wazee waliingia katika sheria kwa milango miwili: kama wazee, na kama watu ambao uzee umewaletea ulemavu.

Miji haikusalimu amri. Mji wa Edmonds, jimbo la Washington, ulijitetea kwamba kanuni yake ya kuruhusu watu wasiozidi 5 wasio na udugu katika nyumba moja ilikuwa kanuni ya msongamano tu, ambayo sheria mpya haiigusi. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Ruth Bader Ginsburg, ikasema hapana: kanuni iliyoruhusu ndugu 20 kuishi pamoja na kukataza watu 6 wasio ndugu inahusu nani ni familia, haihesabu msongamano.

Lakini kesi ninayotaka wenzangu waijue ni ya mji wa Taylor, jimbo la Michigan, kwa sababu ndani yake wamo wazee. Kulikuwa na nyumba ya malezi iitwayo Mortenson Manor, katika mtaa wa nyumba za familia moja moja, ikiwatunza wazee wenye ulemavu, wengi wakiwa na maradhi ya kusahau. Sheria ya jimbo iliruhusu watu 6 popote. Wamiliki wakaomba 12. Baraza likakataa. Kesi ilipanda rufaa, ikarudishwa chini, ikapanda tena, na mwaka 1996 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita ikaamua kwamba mji ulipaswa kuruhusu 9.

Kwa nini 9? Hapo mahakama iliingia jikoni, kama nionavyo mimi. Ilipiga hesabu. Nyumba ya namna hii haijai kila mwezi; mtu mmoja analazwa hospitali, mwingine anafariki, kitanda kinakaa wiki kadhaa bila mtu. Lakini mfanyakazi wa usiku lazima awepo na lazima awe macho, wawe wazee 6 au 9. Kodi ya nyumba ni ile ile, bima ni ile ile, dobi ni yule yule. Kila mtu aliyewahi kuendesha nyumba hizi, na wapo Wakenya kadhaa wanaoziendesha katika jimbo la Washington na hapa Texas, anajua kwamba kwa vitanda 6 hesabu hubana, na kikibaki kimoja kitupu mwenye nyumba anaanza kutoa mfukoni. Majaji walisema kama idadi iliyoruhusiwa inaifanya nyumba isiweze kujiendesha, basi wazee hao wamenyimwa kuishi mtaani hata kama hakuna aliyetamka neno la kuwafukuza. Kipimo chao kikawa hesabu ya mapato na matumizi. Huko New Jersey, mwaka huo huo, mahakama nyingine ya rufaa iliuambia mji wa Brick kwamba nyumba ya kutunzia wazee wagonjwa nayo ni makazi, na waishio humo wanalindwa na sheria ile ile.

Niliposoma kesi ya Taylor nilirudi kwenye orodha ya madiwani wa Cleburne. Mwaka 1980 ilikuwa hofu ya wazee wa mtaa iliyotumika kuwazuia watu wenye ulemavu wa akili, huku nyumba ya wazee ikiwa haihitaji kibali chochote. Miaka kadhaa baadaye, wazee wenyewe, waliosahau majina ya watoto wao, ndio waliokuwa wakizuiwa. Siwalaumu wale majirani wa Featherston kana kwamba ni watu wa ajabu. Kwetu pia, Kenya, nimewajua watoto waliofichwa chumba cha uani wageni wakija, na Katiba ya 2010 ilibidi iandike katika Ibara ya 54 kwamba mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Hofu ipo kila mahali. Ninachokataa ni hofu kupewa mhuri wa baraza.

Leo Texas ina sheria yake ya nyumba hizi. Nyumba ya watu wenye ulemavu wasiozidi 6, pamoja na wasimamizi 2, inaruhusiwa katika eneo lolote la makazi. Isiwe ndani ya nusu maili kutoka nyingine ya aina yake, na magari yake yasizidi idadi ya vyumba vya kulala. Hapo kwenye magari ndipo ugomvi mwingi unapoanzia siku hizi. Jirani haruhusiwi kusema hataki walemavu, basi anahesabu magari wakati wa kubadilishana zamu.

Wapo wenzangu wanaoniuliza kuhusu kufungua nyumba zao wenyewe, hasa dada zetu waliochoka kufanyia kazi watu wengine. Ninawaambia wasome kwanza kanuni za mji kabla ya kutia sahihi mkataba wa nyumba. Idadi ikiwa haitoshi, au mji ukitaka kibali ambacho bweni na hoteli havitakiwi kuwa nacho, waandike barua ya kuomba marekebisho yanayofaa wenyewe, mapema, kabla ya kutafuta wakili wa kushtaki, kwa maana mahakama nyingi hutaka kuona kwanza kwamba mji uliombwa ukapewa nafasi ya kujibu. Barua iwe na tarakimu: mshahara wa usiku, kodi, bima, wastani wa vitanda vinavyokaa vitupu, na idadi ambayo nyumba itaweza kujilisha. Waitume kwa njia yenye stakabadhi ya kupokelewa, na nakala waiweke mahali ambapo wataipata hata miaka mitano ikipita.